Nguo ya Kuendea Usaili



Siku hizi barua nyingi za kuwaita vijana kwenye usaili wa kazi, hasa zile za makampuni, hoteli na mashirika, huwa na maneno mawili ya Kiingereza chini kabisa, baada ya saa na mahali. Maana yake ni kwamba uje nadhifu, lakini si lazima uje rasmi. Aliyeyaandika alidhani anampunguzia kijana mzigo. Kumbe nyumbani maneno hayo huleta ubishi. Baba asema suti. Dada asema suruali ya jinzi na shati jeupe vyatosha. Rafiki asema ameona koti zuri dukani, na fedha zaweza kukopwa kwa simu usiku huu huu.

Basi leo tuongee juu ya jambo hili, maana lagusa mfuko wa nyumba nzima.

Kwanza, tuelewe maneno yenyewe. Hayana maana ya "vaa upendavyo," wala hayana maana ya "nunua nguo mpya." Nguo rasmi ina desturi inayojulikana: suti, tai, viatu vyeusi, yamekwisha. Nguo nadhifu isiyo rasmi haina desturi ya namna hiyo, ndiyo sababu yawatatiza wengi. Lakini iko njia moja iliyo rahisi. Jua wafanyakazi wa mahali pale huvaa nini, kisha wewe panda ngazi moja tu juu yao. Kama wao huvaa fulana za kola, wewe vaa shati la mikono mirefu. Kama wao huvaa shati bila tai, wewe ongeza koti ikiwa unalo. Kama huna, shati lako liwe limenyooka vizuri na viatu vyako ving'ae.

Utajuaje wanavyovaa? Ikiwa mahali penyewe ni karibu, pita siku moja kabla, saa kumi na moja jioni, watu wanapotoka kazini. Tazama mara moja, uende zako. Ikiwa ni mbali, muulize mtu anayefanya kazi mji ule, au piga simu kwa namba iliyo kwenye barua. Kuuliza si aibu. Afadhali kuuliza leo kuliko kukaa kesho mbele ya wakubwa ukivuta vuta mikono ya shati.

Usidhani kwamba kinachofaa mahali pamoja chafaa kila mahali. Tazama suti ya Kaunda, ile ya koti la mikono mifupi pasipo tai. Kwa miaka mingi wazee wetu waliivaa maofisini na kwenye sherehe kwa heshima kubwa. Hata hivyo, Novemba 2023 Spika wa Bunge la Kenya alitangaza kwamba haikubaliki tena ndani ya Bunge lao. Nguo ni ile ile, nyumba ndiyo tofauti. Kadhalika, hapa Tanzania, mwaka 2007 serikali ilitoa waraka juu ya mavazi ya watumishi wa umma, uliotaja waziwazi nguo zisizofaa ofisini. Basi ukiitwa na serikali, au na benki, na barua haikusema neno juu ya mavazi, usijipe ruhusa mwenyewe. Huko vaa rasmi kadiri uwezavyo.

Sasa tuje kwenye nguo zenyewe. Kwa mvulana, suruali ya kitambaa ya rangi ya buluu iliyokoza, kijivu au kaki, shati lenye kola, la rangi moja au la mistari myembamba, lililochomekewa, mkanda, soksi, na viatu vya ngozi vilivyopigwa dawa. Tai yaweza kubaki mfukoni. Suruali iliyochanika, fulana yenye maandishi, raba na kandambili, hata za bei kubwa, ziache nyumbani.

Kwa msichana, sketi au gauni lipitalo magoti, au suruali ya kitambaa isiyobana, pamoja na blauzi isiyo nyepesi mno. Gauni la kitenge lililoshonwa kwa mshono wa kawaida lafaa kabisa. Lisiwe na mabega yaliyoinuka kama la harusi. Avaaye ushungi na auvae kama kawaida yake, uwe safi na umepigwa pasi. Viatu viwe vile unavyoweza kupandia ngazi. Bangili zinazogongana ziondoe, na manukato yawe kidogo, maana chumba cha usaili huenda kikawa kidogo na chenye joto.

Ukikaa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, kumbuka jasho. Shati la kijivu hafifu au la buluu ya mbingu huonyesha maji ya kwapa upesi. Jeupe huyaficha zaidi. Ukienda Njombe au Mbeya wakati wa baridi, sweta safi la rangi moja juu ya shati halikukosei heshima.

"Lakini sina hata kimoja cha hivyo," atasema kijana. Nguo hizi zote zapatikana kwenye mitumba, iwe ni Karume Dar es Salaam au Gikomba Nairobi. Ila uende mchana, kwenye mwanga. Tazama kola kwa ndani, makwapa, zipu, na mshono wa kati ya miguu, kwa kuwa hapo ndipo nguo huchakaa kwanza. Chagua yenye mabega yanayokukaa sawa. Fundi cherehani aweza kupunguza kiuno na kukunja pindo kwa fedha kidogo, lakini mabega yamsumbua hata fundi hodari. Kisha ifue, uianike juani mpaka ile harufu ya marobota iishe. Ukiipiga pasi suruali nyeusi, weka kitambaa chenye unyevu juu yake, isije ikang'aa kama sufuria.

Na sasa neno lililo zito kuliko yote. Usikope kwa ajili ya nguo ya usaili. Tuseme kijana wa Sumbawanga ameitwa Dodoma na Sekretarieti ya Ajira. Tangazo lao humwambia kila msailiwa ajigharimie chakula, usafiri na malazi. Tena humtaka aje na vyeti vyake halisi na kitambulisho. Fedha ikimalizwa na koti, atalala wapi? Atakula nini asubuhi ile? Mtu aliyekesha kituo cha mabasi na njaa tumboni hawezi kujibu vema, hata akivaa koti la waziri. Na kazi isipopatikana, koti litabaki ukutani na deni litaendelea kuzaa kila juma. Kwanza nauli, malazi na chakula. Nguo ipate kinachobaki.

Kuazima je? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Hata hivyo, shati la kaka linalokutosha si dhambi, nawe ulirudishe limefuliwa. Viatu ndivyo vya kuogopa. Kiatu kinachobana kitakufanya uwaze kidole chako wakati unapoulizwa habari za kazi.

Nanyi wazazi, msimcheke kijana anayesimama mbele ya kioo, wala msimlazimishe suti ya marehemu mjomba inayomfunika vidole. Mshikieni pasi, mkazieni vifungo vilivyolegea, mwambieni kweli kama nguo yakaa vibaya.

Siku mbili kabla, vaa vyote pamoja. Kaa kitini, inuka, nyosha mkono kama anayepokea karatasi, tembea mpaka barabarani na kurudi. Kama kuna kitu kinachokupasa kukishika au kukivuta, kibadili sasa. Na kama utapanda bodaboda kwenye vumbi au matope, weka viatu vizuri kwenye mfuko, uvibadili karibu na lango, pamoja na kitambaa cha kujipangusia.

Ukiisha kufanya hayo, isahau nguo. Wasaili wataitazama kitambo kidogo tu, halafu wataanza kukuuliza unajua nini na waweza kufanya nini. Majibu ya hayo hayapatikani Karume wala dukani. Juma lijalo tutaongea juu ya maswali yanayoulizwa mara nyingi na namna ya kuyatayarisha.

Nenda salama.