Usimpe mtoto katuni hii!

Leo naomba tuongee habari ya katuni. Najua kuna mshikaji hapo kashaanza kugeuza ukurasa huku anasonya, "Aa, katuni! Na ndevu zote hizi?" Ngoja kwanza kaka, usigeuze. Na wewe dada unayemwashia mdogo wako katuni kwenye simu ili upate kusukwa kwa raha zako, wewe ndiyo kabisaa, tulia hapo hapo. Zipo katuni duniani ambazo mtoto hatakiwi hata kuzisogelea, na mtu mzima akiziona usingizi unamruka.

Sisi Wabongo tumejiwekea sheria moja: chochote kilichochorwa halafu kikatembea, hicho ni cha watoto. Haishangazi, maana Tom na Jerry wametulea. Lakini sheria hiyo inatutia hasara mara mbili. Kwanza, tunawawekea watoto vitu ambavyo ukiwa umekaa sebuleni na baba mkwe ungetafuta pa kujificha. Pili, sisi wakubwa wenyewe tunapitwa na picha za maana kwa kudhani ni za chekechea.

Hasara ya kwanza nimeishuhudia laivu mwezi uliopita nikiwa Mkumbara, wilaya ya Korogwe. Kwa asiyekujua, ni pale ukishaiacha Mombo ukienda Same, mkono wako wa kulia milima ya Usambara imesimama kama ukuta. Ndiko Mjerumani alikofunga waya wa kushushia mbao kutoka Shume kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Siku hizi mbao hazining'inii tena hewani, lakini kibanda umiza kipo, na Jumamosi mchana kinajaa watoto.

Mwenye kibanda, kijana mcheshi tu, alikuwa amejaziwa flashi mpya ya katuni. Hakuikagua. Ya nini, si katuni? Picha likaanza, katokea paka. Watoto wakapiga makofi. Kidogo paka kawasha bangi. Watoto wakacheka, walidhani sigara. Kidogo tena paka kaingia bafuni na mabinti kadhaa, nguo zikaanza kuruka. Kibanda kizima kimya! Bahati mbaya wakati huo huo mama mmoja alikuwa ameinua pazia kumtafuta mwanawe amtume dukani.

"We kijana! Ndiyo nini hicho unawaonyesha watoto?"

Jamaa akabonyeza rimoti, haishiki. Akabonyeza tena, wapi. Akachomoa waya ukutani, akageuka jasho linamtoka. "Shikamoo mama! Mimi nilijua katuni!"

"Shikamoo yako kaa nayo!" Mama akamshika mwanawe mkono, na watoto wengine wakatoka nyuma yake kama vifaranga. Kiingilio kikadaiwa mpaka jioni.

Ile picha naijua. Inaitwa Fritz the Cat, ya mwaka 1972. Ilitengenezwa Marekani na jamaa anaitwa Ralph Bakshi, akimchukua paka aliyechorwa kwanza na Robert Crumb. Ndiyo katuni ya kwanza Marekani kupigwa muhuri wa X, yaani mtoto akaombe ruhusa mbinguni. Na pamoja na muhuri huo watu walijaa kumbini. Ndani yake kuna ngono, bangi, polisi, wanafunzi wa chuo wanaojifanya wanamapinduzi, kila kitu. Bakshi alikuwa anaisema Marekani ya miaka ya 60, ila kavalisha watu manyoya.

Sasa usije ukafikiri katuni za wakubwa maana yake ni uchafu tu. Hapo ndipo hasara ya pili inapoingia, na kwangu mimi hiyo ndiyo kubwa.

Chukua Wajapani. Mwaka 1988 Isao Takahata alitoa picha ambayo kwa Kiswahili ningeiita Kaburi la Vimulimuli. Kijana na mdogo wake wa kike wamefiwa na mama kwa mabomu mwaka 1945, wanahangaika na njaa. Sisi tumezoea kwamba steringi hafi. Hapa steringi anakufa mkanda unapoanza tu, kwenye stesheni ya treni, halafu unarudishwa nyuma kuonyeshwa alifikaje hapo. Hakuna aliyekata mauno, hakuna aliyevua nguo, lakini si picha ya kumwachia mtoto wa miaka mitano peke yake.

Wafaransa nao usipime. Mwaka 1973 René Laloux alitoa La Planète sauvage, iliyochorwa Prague. Kuna sayari ya majitu ya bluu yenye macho mekundu, na binadamu ndio wanyama wao wa kufuga. Mtu anavalishwa mkanda shingoni, anachezewa na mtoto wa jitu, akichosha anatupwa. Ukimaliza kuiangalia unamtazama kuku wa nyumbani kwa adabu mpya. Ilipata tuzo maalumu ya majaji kule Cannes.

Huko huko Prague kuna mzee anaitwa Jan Švankmajer. Yeye hachori sana, anachukua udongo, mboga, vijiko na mikasi. Mwaka 1982 alitengeneza picha fupi ambayo vichwa viwili vinakutana, kimoja kinakimeza kingine na kukitapika, mara vinakuja vingine, vinamezana tena, mpaka vyote vinafanana. Hakuna neno hata moja linalosemwa, lakini kama umewahi kukaa kwenye kikao cha ukoo cha kugawana shamba, utaelewa.

Utauliza, mbona watu wazima wahangaike hivyo? Maana kazi yenyewe si mchezo. Kwa kawaida sinema inapitisha picha 24 kila sekunde. Dakika moja ni picha 1,440. Kama ni udongo, unausogeza kidogo, unapiga picha, unausogeza tena, unapiga, mpaka mgongo unauma. Si ungechukua tu kamera na mwigizaji mkamaliza kwa wiki?

Jibu ni kwamba mchoro unapita mahali ambapo sura ya mtu haipiti. Mwaka 2021 kulitoka picha ya Denmark inaitwa Flee, ya mkimbizi kutoka Afghanistan anayesimulia maisha yake ya kweli. Hakutaka kujulikana, basi wakamchora. Sauti yake, sura ya kuchora, jina la bandia. Akaweza kusema mambo ambayo mbele ya kamera angeyameza. Picha hiyo ikapendekezwa kwa tuzo 3 za Oscar.

Na wakubwa wa dunia wanaijua nguvu hiyo zamani. Wengi wetu tumesoma Shamba la Wanyama, kile kitabu cha George Orwell alichokitafsiri Fortunatus Kawegere. Mwaka 1954 Waingereza walikitoa kama katuni, na baadaye ikajulikana kwamba fedha zilitoka kwa siri CIA, majasusi wa Marekani. Mwisho ukabadilishwa! Kitabuni wanyama wanachungulia dirishani na hawawezi tena kutofautisha nguruwe na mtu. Kwenye katuni wanyama wanaungana na kumvamia Napoleon. Sasa niambie msomaji wangu, jasusi atoe hela zake kwa ajili ya kuchekesha watoto?

Waafrika je, tumelala? Hatujalala hata kidogo. Kule Niger, Moustapha Alassane mwaka 1966 alitengeneza Bon voyage, Sim. Sim ni chura, tena chura rais. Anafunga safari rasmi kwenda nchi ya jirani, anapokewa kwa shangwe, anarudi nyumbani anakuta kiti hana. Kumbuka mwaka huo huo, mwezi Februari, Nkrumah alipinduliwa akiwa safarini Asia. Ungemchora rais wa kweli ungekiona, lakini chura nani atamkamata?

Jirani zetu Kongo nao wana Jean-Michel Kibushi. Septemba 1991, nchi ikiitwa bado Zaire, askari waliochoka kukosa mshahara waliingia mitaani Kinshasa wakapora, na raia wakaporana nao. Kibushi akawachukua watoto wakachora waliyoyaona. Mwaka 1992 akaitembeza michoro hiyo ikawa picha fupi, Kinshasa, septembre noir. Unaona hapo? Katuni iliyochorwa na watoto, lakini wanaotakiwa kuitazama ni wakubwa, maana ndio waliofanya.

Sasa nirudi Mkumbara, kwa sababu jambo la leo hasa liko hapa. Jioni ya siku ile ya kasheshe nilipita kwenye saluni moja karibu na barabara kubwa. Kisa cha paka kilishafika, wanacheka mpaka wanashika kuta. Nikamwambia mwenye saluni, "Dada, mimi ninayo katuni ya wakubwa kwenye simu, lakini si kama ile." Akaniangalia kwa jicho la huyu kaka ana lake jambo. "Haya kaka, weka. Ukituwekea upuuzi tunakunyoa nusu."

Nikawawekea Yellow Fever ya dada Mkenya, Ng'endo Mukii, ya mwaka 2012. Ni kama dakika 7 tu. Jina linakumbusha wimbo wa Fela Kuti wa mwaka 1976, na si ugonjwa wa homa ya manjano, ni mkorogo. Kuna saluni, kuna nywele zinasukwa, kuna ngozi zinazochubuliwa, kuna miili ya kweli inacheza na kuchanganyika na michoro. Halafu kuna binti mdogo wa ukoo wao anasema bila kuficha kwamba angetamani awe mweupe. Alikuwa mtoto mdogo tu, hana hata habari za wanaume. Picha hiyo ilikwenda ikanyakua tuzo ya Silver Hugo kule Chicago.

Mimi nilikuwa nawatafsiria kama Lufufu kwenye mikanda yake, ila nilipofika pale kwa binti nikanyamaza. Hakukuwa na haja. Mteja mmoja aliyekuwa anasukwa, mweupe wa uso kama embe dodo lililoiva, taratibu aliingiza mikono chini ya khanga. Vidole, unajua tena. Mkorogo hauingii kwenye vifundo vya vidole, vinabaki vyeusi kuusema ukweli.

Nyuma ya kioo kulikuwa na makopo hayana lebo. Sikuyauliza, yakawa yananiangalia tu. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, kila mtu anajua, na kila mtu anajua pia vinakopatikana.

Mwenye saluni ndiye aliyevunja ukimya. "Kaka, tangazo la mkorogo redioni huwa nalizima. Mtu akinihubiria naongeza sauti ya muziki. Hii sijui kwa nini sikuizima."

Mimi najua kwa nini. Tangazo linakunyooshea kidole. Katuni inakukalisha kwenye kiti cha saluni yako mwenyewe, inakuonyesha kioo, halafu inanyamaza.

Sikudanganyi kwamba makopo yaliruka nje dirishani. Yalibaki pale pale. Lakini wakati naaga, yule dada alinifuata mpaka nje na simu yake mkononi. "Nionyeshe pa kuipata. Nina binti wa miaka 14, mwezi huu kaniomba nimpake kidogo tu, ati na yeye ang'ae. Nilikuwa nimeshamwambia asubiri afunge shule."

Basi wapenzi wasomaji, hiyo ndiyo tofauti. Mchana katuni ilipita kwa watoto wasiohusika ikaleta aibu. Jioni katuni ikamfikia mtu mzima anayehusika, ikampa cha kumwambia mwanawe. Zote zimechorwa, kilichobadilika ni nani kakaa mbele ya kioo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Wewe mwenye kibanda, flashi ikija, iangalie peke yako kwanza kabla hujawaita watoto, hata kama kuna picha ya paka juu yake. Mchana wape watoto vyao. Ubongo Kids wapo tangu mwaka 2014, wametengenezwa hapa hapa nyumbani. Usiku, watoto wakishalala, weka hizi nyingine, na usiogope kwamba wateja watakukimbia. Wewe mzazi, mtoto akiwa kimya sana na simu, mchungulie. Kimya cha katuni ya watoto kina kicheko ndani yake, kikikosekana sogea uone.

Na wewe mshikaji mwenye ndevu, tafuta mojawapo ya hizo nilizokutajia uitazame mpaka mwisho. Kama vimulimuli havikukulizi, basi hizo ndevu si zako, umeazima.