Mchu Hupumua kwa Mizizi



Tutokapo Diani tukateremka Gazi, maji yakiwa yamekupwa, twaona vijiti vingi vimechomoza topeni chini ya michu. Watoto hudhani ni miche. Kumbe ni mizizi ya kupumulia.

Mchana, ukijani wa jani hunasa mwanga wa jua, na kwa nguvu zake maji na hewa ukaa hugeuzwa sukari, oksijeni ikatoka. Huo ndio usanisinuru. Lakini sukari ni akiba tu, mfano wa unga debeni. Ili itoe nguvu, kila seli huivunja kwa oksijeni, usiku na mchana, kama zifanyavyo seli za miili yetu. Jani huipata hewani. Mzizi uliozama topeni hauipati, ndipo huinua vijiti vile.

Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi katika hori la Mwache, Mombasa, ukaifukia mizizi. Mikoko mingi ikafa, na jua lilikuwapo.

Wenzetu wa Gazi na Makongeni, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wamepata maji ya bomba kutokana na hewa ukaa inayohifadhiwa na mikoko yao. Nasi tujengapo, akina mama, tuwaambie mafundi kifusi wasikimwage penye vijiti hivyo.