Homa, Mafua na Ndimu: Neno Moja Lisitufiche Maradhi

Baridi ya Julai inapoingia Nakuru, jiji lililo takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ndimu na tangawizi hazikosekani katika vibanda vya mtaa wa Section 58. Huchemshwa pamoja, zikatiwa asali, na kinywaji hicho huitwa "dawa". Mnywaji akiulizwa anaugua nini, aghalabu hujibu: "Nina homa."

Hapo ndipo penye utata. Katika Kiswahili sanifu, homa ni kupanda kwa joto la mwili, ilhali makamasi, chafya na koo kuwasha ni dalili za mafua. Wasemaji wengi wa bara nchini Kenya hulitumia neno homa kwa maana zote mbili. Wapo watakaodai kuwa lugha ni mali ya wasemaji wake na kwamba maana za maneno hupanuka. Hoja hiyo ina mashiko. Hata hivyo, msafiri arejeaye Section 58 kutoka Busia au Siaya, ambako malaria imeenea, akisema ana homa, jirani humshauri anywe ndimu. Ndimu na asali hupoza koo. Haziui vimelea vya malaria, na malaria isiyotibiwa mapema huweza kuua.

Kutibu mafua kwa matunda si desturi ya Wakenya pekee. Wakorea hunywa chai ya yuja, tunda la jamii ya ndimu, lililohifadhiwa kwa asali au sukari. Wachina nao huchemsha peasi kwa sukari ili kutuliza kikohozi. Lakini tiba ya jadi ya Kichina hutenga kwanza mafua ya baridi na mafua ya joto: tangawizi hufaa yale, peasi hufaa kikohozi kikavu cha haya. Tiba ya kisasa haifuati mgawanyo huo, ila utaratibu wake una funzo: ugonjwa hubainishwa kabla ya tunda kuteuliwa.

Kwa hivyo, si ndimu inayostahili kulaumiwa. Kamusi zetu ziyaonyeshe bayana matumizi ya bara ya neno homa, na wanafunzi wa Kiswahili waandikao matangazo ya afya wataje dalili, wasitosheke na jina. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Neno nalo huweza kuyaficha, hata pasi na mgonjwa kukusudia.