Nyiragongo: kabla ya begi, pataneni mtakutana kwa nani

Hapa Goma, ukimuuliza mtu kama nyumba yake iko tayari kwa volkano, atakujibu: «Sisi tumezoea kukimbia.» Ni kweli, vita vimetufundisha kufunga mizigo haraka. Lakini kukimbia ni jambo moja, kujitayarisha ni jingine.

Jumamosi tarehe 22 Mei 2021 hakuna tangazo lililotangulia. Jioni tuliona tu anga limekuwa jekundu upande wa Nyiragongo. Mke wangu alikuwa kwa dada yake, mtaani Majengo, pamoja na wadogo wawili. Mimi nilikuwa nyumbani Himbi na mkubwa. Yeye alifuata watu waliokuwa wakivuka kwenda Gisenyi. Mimi nikashika njia ya Sake. Simu ilizimika kabla sijafika Mugunga, na mpaka kesho yake saa nane mchana sikujua kama watoto wangu ni wazima.

Sisi tulikuwa na bahati. UNICEF ilihesabu watoto zaidi ya 150 waliotenganishwa na familia zao, na wengine zaidi ya 170 waliohofiwa kuwa wamepotea. Mtoto hahitaji kuguswa na lava ili apotee. Umati wa watu barabarani usiku unatosha.

Ndiyo maana nasema, ndugu msomaji, tusianzie kwenye begi. Leo jioni mkila, pataneni nani atashika mkono wa mtoto yupi, na mtakutana kwa nani. Usiseme tu «Sake». Sema jina la mtu na nyumba yake. Tafuteni wawili, mmoja upande wa Gisenyi na mwingine upande wa Sake, kwa sababu lava ndiyo itakayochagua njia yenu. Kisha muwe na mtu wa tatu aliye mbali, Bukavu kwa mfano, ambaye kila aliyepotezana na wenzake atampigia. Namba yake iandikwe kwenye karatasi na iwekwe mfukoni mwa kila mtoto. Mtoto wa miaka minne ukimuuliza jina la baba yake, atakuambia «Papa».

Begi lije baadaye: kadi ya uchaguzi, diploma, dawa, tochi. Bidoni ya maji pia, maana mwaka ule lava iliharibu mabomba na sehemu kubwa ya mji ikakosa maji. Wako wanaosema maskini hana cha kuweka akiba. Nawaelewa, lakini karatasi na kalamu haviwashindi.

Na msiharakishe kurudi. Kuna waliokufa kwa gesi wakivuka lava ambayo bado ilikuwa ya moto, wakati tayari tulikuwa tunasema hatari imepita.

Kwetu namba ya Bukavu imeandikwa kwa chaki nyuma ya mlango. Kila Jumapili mdogo wetu huitaja bila kuangalia. Bado anakosea tarakimu mbili za mwisho.