Gari la Bi Harusi Lisivutwe kwa Kamba Mlimani

Msimu wa harusi za bara umewadia, nasi tunaowashonea mabibi harusi na kuwasindikiza hadi huko tuna neno.

Mwaka jana tulimtoa bi harusi kwao Iringa kumpeleka kwa mumewe Dodoma, njia ya Mtera, kilomita zipatazo 260. Tulikuwa ndani ya Coaster ya dizeli, wanawake watupu na masanduku ya nguo. Nyuma yetu limefungwa kwa kamba gari dogo otomatiki, zawadi ya bwana harusi. Wajomba walisema mafuta ya gari la pili ni hasara. Kaka yake bi harusi akakaa kwenye usukani, injini imezimwa.

Kwenye tambarare hakuna aliyelalamika. Tulipoanza kuteremka Nyang'oro ndipo tulipojua. Gari likizimwa injini, breki husaidiwa mara mbili tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na kamba inajua kuvuta, haijui kuzuia. Kila Coaster ilipopunguza mwendo, gari dogo lilitujia mgongoni. Dereva wetu alikanyaga breki mfululizo hadi tukasikia harufu ya kuungua. Bi harusi, hina bado imekoza mikononi, analia huku anamtazama kaka yake kupitia kioo cha nyuma.

Tulisimama salama, alhamdulillahi. Gari halikusalimika. Fundi alitueleza kwamba pampu ya oili ya gia boksi huzungushwa na injini, kwa hiyo magurudumu ya mbele yakiburutwa hivyo, vyuma vinasagana vikavu. Mafuta waliyookoa wajomba yakalipwa kwa gia boksi.

Kosa letu ni kunyamaza. Tuliona kamba ikifungwa asubuhi, tukasema mambo ya magari ni ya wanaume. Hiyo si adabu, ni woga. Kutawakali huanza baada ya ngamia kufungwa, na ngamia hafungwi nyuma ya Coaster!

Gari lipakiwe kwenye lori, au liendeshwe na mwenye leseni, mteremko ashuke kwa gia ndogo. Wanaotoka huku kwetu wakishuka boti Dar es Salaam, treni ya SGR inafika Dodoma tangu 2024. Gari la kupamba wakodi huko huko.

Siku hizi, kabla ya kumpima bi harusi wa bara, tunamuuliza gari lake litafikaje. Wengine hutucheka. Juzi mama mmoja hakucheka, alimpigia mume wake simu pale pale dukani.