Kisima cha Wote Kisikose Mwenyewe

Mtu asiyepata kufika Chisenga, wilayani Nchelenge nchini Zambia, aweza kudhani kwamba huko shida ya maji haijulikani. Ziwa Mweru, lililo mpakani mwa Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, limetanda mbele ya macho. Lakini maji mengi si lazima yawe maji salama. Katika kambi za wavuvi za ziwa hilo watu huoga, hufua na kuchota mahali pale pale, na kipindupindu kimepata kuzuka humo zaidi ya mara moja. Ndiyo sababu kisima cha pampu ya mkono, pamoja na uwanja unaokizunguka, ni mali ya thamani kubwa kwa watu wa mwambao.

Tunalizungumza jambo hili na askari kwa makusudi. Askari na polisi, popote wanapopangiwa kazi, huishi kwa vitu vya pamoja: bomba moja kwa safu nzima ya nyumba, mfereji mmoja, uwanja mmoja wa majani. Na vitu vya pamoja huharibika kwa sababu moja kubwa: kila mmoja humngojea mwenzake.

Pampu haifi kwa siku moja. Kwanza nati hulegea. Mnyororo ulio kichwani mwake hukauka kwa kukosa grisi. Kisha mipira ya pistoni iliyo chini kisimani hulika, na mtu hupiga mpini mara nyingi kabla ya kuona tone. Wakati huo dawa yake ni spana, grisi na mpira mmoja. Ikipuuzwa, vyuma hukatika, mabomba yote hayana budi kung'olewa, na akina mama hurudi ziwani na ndoo zao. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Uwanja nao una mambo yake. Maji yanayomwagika yasipopata mfereji hufanya madimbwi, na madimbwi madogo yanayopigwa na jua ndiyo apendayo mbu aitwaye Anopheles gambiae kutaga mayai. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zenye malaria kali. Majani marefu nayo huficha nyoka na takataka. Kwa hiyo kufyeka majani na kuzibua mfereji si pambo la kumfurahisha mkaguzi. Ni kinga ya watoto wetu.

Historia ya Tanzania inatufunza mengi. Mwaka 1971 nchi ilijiwekea lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi karibu na nyumba yake, umbali usiozidi mita 400. Miradi mingi ilijengwa, lakini mingi ilisimama kwa kukosa vipuri, mafuta na watu wa kuitunza. Sera ya maji ya mwaka 2002 ikasisitiza kwamba wanakijiji wenyewe wamiliki miradi yao na kuchangia uendeshaji wake. Somo ni wazi: mradi waweza kujengwa na serikali, lakini hudumu kwa mkono wa anayeyanywa maji yake.

Mwishoni mwa mwaka 2017 kipindupindu kilipopamba moto mjini Lusaka, Rais Edgar Lungu aliamuru majeshi yasaidie kupambana nacho, na askari wakaingia kusafisha masoko na mitaa. Ilikuwa kazi ya heshima. Hata hivyo jeshi kuitwa kushika ufagio ni dalili kwamba ufagio wa kila siku ulikuwa umewekwa chini. Kipindupindu kilirudi Zambia Oktoba 2023, na hadi kilipotulizwa mwaka 2024 watu zaidi ya 23,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 700 wamefariki.

Lipo nung'uniko ambalo haifai kulifumbia macho: kwamba mwenye sare huchota wa kwanza na kuchanga wa mwisho. Mahali popote lilipo na ukweli, ni aibu. Cheo hakizuii mpira wa pistoni kulika. Ofisa na kuruta hunywa kisima kimoja, na mchango wao uandikwe katika daftari moja na wa raia jirani zao.

Bunduki ya askari ina namba, na yuko aliyeitia sahihi. Ndiyo maana haishiki kutu. Bomba nalo lipewe mtu wa kuliwajibikia, zamu ya kufyeka ibandikwe ukutani, na mipira ya akiba iwekwe sandukuni kabla ya ile ya zamani kulika. Tunatoa mwito kwa kila kikosi na kila kituo kukagua visima na viwanja vyake wiki hii hii. Asiyeweza kulinda kisima kilicho mlangoni pake atawaambia nini wananchi anaowalinda?