Kijiji cha Eyam na Daftari la Wafu Wake

Mwanzoni mwa mwaka 2021, shule zetu zilipofunguliwa baada ya kufungwa kwa miezi mingi kwa sababu ya korona, niliwasimulia wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili kisa cha Eyam, kijiji kilichomo katika milima ya Derbyshire nchini Uingereza. Niliwaeleza jinsi wakazi wake walivyokubali, mnamo Juni 1666, kujifungia ndani ya mipaka yao ili tauni isiwafikie majirani. Nilidhani nawapa funzo la kujitolea. Nilipomaliza, binti mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, na watoto nao waliulizwa?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo nimeshikilia rai kwamba sisi walimu tunalifundisha somo la historia kinyumenyume. Twaanza na shujaa na sanamu yake, kisha, muda ukibaki, twagusia kumbukumbu zilizoandikwa. Eyam inatuonyesha hasara ya mtindo huo.

Nilifika huko miaka mingi iliyopita nilipokuwa masomoni Sheffield, mji usio mbali na kijiji chenyewe. Mgeni hapati taabu kuyaona mambo. Nyumba zilizopatwa na maradhi zingali zimesimama kando ya barabara, na mbele yake vimewekwa vibao vyenye majina ya waliofia humo. Karibu na hapo ni kanisa la Mtakatifu Lawrence, na uani mwake upo msalaba wa mawe uliochongwa zamani za Wasaksoni. Upo pia mwamba wa mpakani, kwenye njia ya kuelekea kijiji cha Stoney Middleton, wenye matundu ambamo wanakijiji walitumbukiza sarafu ndani ya siki, wakiamini kwamba siki huua sumu ya maradhi. Majirani waliacha chakula wakachukua fedha, pasipo kukutana uso kwa uso. Mwenye ngome ya Chatsworth, Bwana wa Devonshire, naye alipeleka mahitaji.

Maradhi yaliingia kwa kitambaa. Robota lililotoka London lilifika kwa mshonaji Alexander Hadfield katika siku za mwisho za kiangazi cha 1665. George Viccars, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba hiyo, inasemekana alikianika kitambaa mbele ya moto kwa kuwa kilikuwa na unyevu, nacho kilikuwa na viroboto. Alizikwa tarehe 7 Septemba. Hapana aliyejua wakati huo kisababishi chenyewe. Kijidudu cha tauni hakikutambuliwa hadi mwaka 1894, pale Alexandre Yersin alipokiona huko Hong Kong.

Kipupwe kilipopita na vifo kuanza kuongezeka tena, kasisi William Mompesson, kijana wa miaka 28, alishirikiana na Thomas Stanley kuwashawishi watu wasikimbie. Stanley alikuwa mhubiri aliyewahi kuihudumia parokia hiyo, naye alikuwa amepoteza wadhifa kwa kukataa kuifuata sheria ya ibada ya mwaka 1662. Hawa wawili hawakuwa marafiki wa madhehebu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu ya kisa inayostahili sifa kuliko zote. Walikubaliana juu ya mambo matatu: watu wasitoke, ibada zifanyike nje katika bonde la Cucklett Delf, na kila nyumba iwazike wafu wake yenyewe, mashambani na bustanini, wala si katika uwanja wa kanisa.

Hilo la mwisho ndilo ninalotaka msomaji alitafakari. Makaburi yalitawanyika. Kaburi lililo shambani, kandokando ya ukuta wa mifugo, halidumu. Mvua huliosha, kondoo hulikanyaga, na baada ya vizazi viwili mwenye shamba hulilima bila kujua. Eyam ingekuwa leo na miamba na visima tu, pasi na majina, lau si kitabu kimoja.

Mnamo 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila parokia iwe na daftari la ubatizo, ndoa na mazishi. Sababu zake zilikuwa za kiserikali, na watu wengi walinung'unika wakidhani ni hila ya kuongeza kodi. Hata hivyo amri ilidumu. Kwa sababu hiyo mchimba risasi maskini wa Derbyshire, asiyejua kuandika hata jina lake, ameandikwa mara tatu maishani mwake: alipobatizwa, alipooa na alipofukiwa. Mfalme anazo kumbukumbu nyingi. Maskini huyo anayo hiyo tu.

Ni daftari hilo linalotuwezesha kuwajua waliokufa Eyam katika muda wa miezi kumi na minne. Idadi itajwayo mara nyingi ni 260. Mompesson mwenyewe, katika barua ya Novemba 1666, alitaja watu 259 kutoka familia 76. Mwanafunzi mvivu ataona tofauti hiyo ya mtu mmoja ni jambo dogo. Mimi naiona ni mlango wa somo zima: nani alihesabu, alihesabu lini, na alimwacha nani?

Wapo watakaosema kwamba nawaharibia watoto hadithi nzuri. Si hivyo. Hadithi za Eyam nazipenda. Ipo ya Emmott Sydall na mchumba wake Rowland Torre wa Stoney Middleton, ambao inasimuliwa walikuwa wakitazamana kutoka pande mbili za bonde mpaka binti alipoacha kutokea. Jina la Emmott limo katika mazishi ya Aprili 1666. Mapenzi yao hayamo, maana daftari la mazishi haliandiki mapenzi. Huenda yalikuwapo, huenda yakaongezwa na watu wa baadaye. Sehemu kubwa ya masimulizi tuliyo nayo ilipata umbo katika karne zilizofuata, hasa baada ya William Wood, mwenyeji wa Eyam, kuchapisha historia ya kijiji mwaka 1842. Mwaka 2006 mwanahistoria Patrick Wallis alieleza jinsi kisa hicho cha ushujaa kilivyojengwa hatua kwa hatua na vizazi vilivyokuja nyuma. Anayefundishwa kutenganisha daftari na simulizi hapotezi simulizi. Anajua tu imetoka wapi.

Tena daftari halina upendeleo. Mompesson aliwapeleka watoto wake wawili Yorkshire kabla ya mipaka kufungwa. Simlaumu, mzazi yeyote angetamani kufanya hivyo. Mkewe Catherine alibaki naye, akafariki Agosti 1666, na kaburi lake liko karibu na kanisa. Lakini watoto wa majirani hawakuwa na Yorkshire ya kukimbilia. Wenye uwezo waliondoka mapema, nao waliobaki walikuwa ndio wasio na pa kwenda. Vibao vya ukumbusho haviyasemi haya kwa sauti. Ukiwa na orodha ya majina mkononi, yanajisema yenyewe.

Wenyeji wa Eyam wanastahili pongezi kwa kuendelea kutunza. Clarence Daniel, mwanahistoria wa hapo kijijini, alikusanya vitu na karatasi maisha yake yote, na mkusanyo wake ukawa msingi wa makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 1994. Kila Jumapili ya mwisho ya Agosti watu huandamana hadi Cucklett Delf kwa ibada. Nchini humo sheria ya Kanisa ya mwaka 1978 inazitaka parokia kuyapeleka madaftari ya kale katika ofisi za kumbukumbu, isipokuwa ziwe na mahali salama pa kuyahifadhi. Kijiji chenye watu wachache kina makumbusho, daftari na vibao, ilhali mimi mwenyewe sijawahi kuwaomba wanafunzi wangu waandike majina ya waliozikwa katika mitaa yao mwaka 2020. Aibu hiyo ni yangu.

Wiki iliyofuata swali la yule binti, niliingia darasani na karatasi moja tu. Niliiandika kutokana na makaburi ya Riley, yaliyo ndani ya ukuta wa duara shambani juu ya kijiji, ambako Elizabeth Hancock aliwazika mume na watoto sita kwa mikono yake katika siku nane za Agosti 1666. Nilimpa binti huyo asome mbele ya wenzake. Alisoma polepole: Elizabeth na John, tarehe 3. Oner, William, na baba yao John, tarehe 7. Alice, tarehe 9. Anne, tarehe 10. Kisha akaigeuza karatasi kuona kama upande wa pili una jina la mama.